Mikono ilikuwa kwenye usukani, lakini sikumwona

Siku niliyokaribia kumgonga mtu, sikuwa na simu mkononi. Nilikuwa nimeiunganisha na spika za gari, nikazungumza na dada yangu kuhusu matibabu ya mama huku nimeshika usukani kwa mikono miwili, mwendo wa kawaida kabisa. Nilijihesabu dereva mwangalifu. Mwanangu aliyekaa pembeni ndiye aliyepiga kelele: "Baba!"

Nikakanyaga breki. Katikati ya kivuko cha watembea kwa miguu alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni, karibu nasi kiasi kwamba aliweka kiganja juu ya boneti. Hakunitukana. Alinitazama tu, kisha akamalizia kuvuka. Na sauti ya dada kwenye spika ikawa inaendelea: "Haloo? Unanisikia?"

Ilikuwa mchana kweupe, barabara imenyooka, na macho yangu yalikuwa mbele muda wote. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Ningekuwa nimeinamia simu ningejua kosa langu liko wapi. Lakini nilimtazama mwanamke yule na sikumwona, kwa sababu akili yangu ilikuwa hospitalini.

Nilipoanza kusoma ndipo nikaelewa kuwa jambo hili lina watafiti wake. David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwaweka madereva kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji, wakafuatilia macho yao yanatua wapi. Waliokuwa wakiongea na simu, tena bila kuishika, walivitazama vitu vya kando ya barabara, ila walipoulizwa baadaye walishindwa kuvitambua vingi walivyokuwa wamevikodolea macho. Kabla ya hapo, mwaka 1997, Redelmeier na Tibshirani walichapisha utafiti uliofanyika Toronto, Kanada: hatari ya kugongana ilikuwa takriban mara 4 dereva anapotumia simu, na hawakupata ushahidi kwamba zile zisizoshikwa ni salama zaidi.

Najua utaniambia: mbona na abiria tunaongea? Mimi pia nilisema hivyo. Lakini abiria anaiona barabara. Lori likiingia ghafla mbele yenu, atanyamaza bila kuambiwa, au atakuonya kama mwanangu alivyofanya. Aliye upande wa pili wa simu hajui lolote. Anasubiri jibu, nawe unaona vibaya kumkalia kimya.

Ujumbe wa maandishi ni balaa zaidi, maana unachukua macho, mkono na akili kwa pamoja. Ukienda kilomita 90 kwa saa, gari linakula mita 25 kila sekunde. Soma ujumbe kwa sekunde 5 na umepita mita 125, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira, kama mtu aliyefumba macho. Hata "sawa" ya herufi nne ina bei hiyo.

Wengine husubiri taa nyekundu ndipo wachungulie. Nakusihi, acha hilo pia. Taasisi ya usalama barabarani ya AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, ilitoa matokeo mwaka 2015 yaliyoonyesha kuwa baada ya dereva kumaliza kuiamuru simu kwa sauti, akili yake inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi barabarani sawasawa. Taa inawaka kijani, unaondoka, na bado hujafika.

Nilijaribu kuiweka simu kwenye dashibodi na kuigeuza kifudifudi. Haikusaidia, kwa sababu ikitetemeka tu nilitaka kujua ni nani. Kilichonifaa ni kuiweka mahali ambapo mkono haufiki. Sasa inakaa kwenye buti, ndani ya begi, imewekwa hali ya Usinisumbue. Njia nisiyoijua naisoma kwenye ramani kabla ya kuwasha gari. Kama kuna simu nisiyoweza kuikosa, natafuta pa kuegesha, nje ya barabara kabisa, ndipo niitoe. Nimeshachelewa mara kadhaa kwa ajili hiyo, na walionisubiri walinielewa.

Na sisi tunaopiga tuna sehemu yetu. Nikisikia mngurumo wa gari nauliza, "Unaendesha?" Akisema ndiyo, nakata, hata kama mimi ndiye mwenye shida. Dada yangu alikasirika nilipomfanyia hivyo mara ya kwanza. Ikabidi nimsimulie kuhusu mwanamke wa kwenye kivuko, maana siku ile nilimwambia mtandao ulikatika. Alinyamaza kwa muda mrefu. Siku hizi huniandikia, "Ukifika, nipigie," na maneno hayo nayakuta nimeshazima gari na kufungua buti.