Kuchagua ubingwa: ni mgonjwa yupi usiyemchoka?

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa nne wa udaktari hapa Dodoma, moyo wako uko kwenye magonjwa ya akili, ila wenzako wanakuvuta kwenye upasuaji au radiolojia, yaani kusoma picha za eksirei na kadhalika, kwa sababu huko ndiko kuna hela. Njia hiyo nimeipita, nikueleze niliyoyaona.

Hela tuimalize kwanza. Ni kweli, daktari wa upasuaji ana pa kwenda jioni kuongeza kipato, wa akili hapati nafasi hizo kirahisi. Kama una wadogo wanaokutegemea, lipime hilo, wala si dhambi.

Mimi miaka yote mitano ya shahada niliutaka upasuaji. Kilichonigeuza ni mwaka wa intani, ule wa mazoezi ya kazi hospitalini baada ya shahada. Usiku mmoja aliletwa kijana kutoka Chemba, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Mama yake alikaa sakafuni, amejiziba mdomo kwa khanga. Mkubwa wangu wa zamu akapita, akauliza, "Huyu kichaa wa nani?" Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza, na ule ukimya unaniuma mpaka leo.

Walipoondoka nikaifungua kamba. Vifundo vya mikono vilikuwa vimechubuka, vumbi limeganda kwenye vidonda. Nikamuuliza mama kwa nini waliacha dawa. Akanijibu, "Mwanangu, ile sindano ya kwanza ilimpinda shingo, macho yakabaki yanatazama juu. Tukajua wamemwongezea mapepo." Wakampeleka kwa mganga, akakaa huko miezi minne.

Wewe umeshasoma, unajua ilikuwa haloperidoli, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili. Misuli inakakamaa, na hali hiyo huwapata zaidi vijana wa kiume. Sindano ya promethazini ingeirudisha ile shingo kwa muda wa kama nusu saa. Lakini hakuna aliyekaa na yule mama kumwambia kwamba jambo hilo huweza kutokea, na likitokea arudi mbio. Dakika tano za maneno! Kijana akalipia kwa miezi minne ya kamba.

Huruma, usiri, uadilifu: kwenye mtihani sote tunaviandika vizuri. Kazini kila ubingwa unakudai kwa namna yake. Upasuaji unataka mtu wa kukiri kosa alilolifanya yeye mwenyewe wakati mgonjwa yuko usingizini na hakuna ndugu aliyeona. Radiolojia inataka uitazame picha ya mwisho ya siku kwa macho yaleyale uliyoitazamia ya kwanza. Magonjwa ya akili yanataka umsikilize mtu ambaye nyumbani kwao walishaacha kumwamini. Mimi nilijikuta narudi kwa yule kijana saa nne usiku bila kuitwa, na wodi ya upasuaji sikuwahi kuirudia hivyo.

Jiandae na maneno ya watu, lakini. Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, ipo tangu 1927, na bado mjini hapa watu wanatukanana kwa jina lake. Nilipomwambia mama yangu mzazi nakwenda kusomea akili, alilia, akadhani nimefeli kwingine kote. Ilibidi nikae naye jioni nzima, kama nilivyokaa na yule mama wa Chemba.

Kama rotesheni ya akili, yaani zamu yako ya kujifunza kwenye wodi hiyo, bado hujaifanya, usiamue sasa. Ukifika wodini, tafuta ndugu wa mgonjwa mmoja, kaa naye, muulize dawa za kwanza zilimfanya nini mgonjwa wao. Kisha rudi hapa uniambie alikujibu nini.