Re: CT ya kichwa safi, kwa nini tena MRV?
Mambo vipi mkuu, umesema mdogo wako wa kike kichwa kinamuuma, anaona ukungu, CT ya kawaida (picha ya kichwa kwa eksirei) safi halafu daktari anataka MRV, yaani MRI (picha kwa sumaku) ya vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, unahisi wanakula hela. Siyo. Dada yangu alipitia hayohayo. Kwanza uliza kama walimulika nyuma ya jicho wakakuta neva imevimba, maana hapo wanashuku presha ndani ya kichwa, na damu ikiganda kwenye vena za ubongo inaweza kuleta presha hiyo, ila CT inaweza isione kitu. Kwenye MRV, kama damu imeganda, utaona kama bomba limekatika katikati, ila ukisoma vena ya kushoto nyembamba usishtuke, wengi wamezaliwa hivyo. Kama anatumia vidonge vya uzazi wa mpango daktari ajue, maana vinaweza kuchangia damu kuganda. Degedege ikianza au akipooza upande msingoje tarehe, mkimbizeni.