Re: Eksirei safi ila kifundo cha mkono bado kinauma, kwa nini?
Mkuu, umesema ulianguka ukajikinga na kiganja, eksirei ikaonyesha mifupa mizima ila maumivu hayaishi. Eksirei inaonyesha mifupa bana, ligamenti (utepe mgumu unaounganisha mfupa na mfupa) haionekani. Hapo kifundoni kuna vijifupa 8 na misuli inayokunja na kunyoosha kifundo karibu yote inavipita bila kuvishika moja kwa moja, kwa hiyo vinategemea ligamenti kukaa pamoja, na inayochanika sana ni ile kati ya skafoidi na lunati (viwili kati ya hivyo vijifupa), ina umbo kama herufi C na upande wake wa mgongo wa mkono ndo nene na imara kuliko kwingine. Ikikatika kabisa vijifupa vinaachana, pengo likizidi milimita 3 ndo eksirei nayo inaanza kushtuka 😅 Muone daktari wa mifupa, na kukandakanda acha kwanza.