Maswali ya Walimu: Kompyuta Zimefika Darasani, Fikra Je?

SWALI: Ndugu Mshauri, ninafundisha sayansi katika shule ya sekondari mkoani Dodoma. Tangu tulipopata kompyuta, kila muhula huwapa wanafunzi mradi wa kutengeneza slaidi kuhusu mada fulani, kwa mfano "Umuhimu wa Maji". Kazi zao hupendeza, lakini nikimuuliza mwanafunzi jambo ambalo halimo kwenye slaidi zake, anabaki kimya. Je, kweli miradi ya namna hii inakuza fikra tunduizi na ubunifu, au tunapoteza muda wa kujiandaa kwa mtihani?

JIBU: Mwalimu, ukimya huo unaonyesha kwamba kazi uliyotoa iliweza kukamilika bila mwanafunzi kufikiri. Mada kama "Umuhimu wa Maji" ina majibu tayari kwenye intaneti, hivyo anachofanya mwanafunzi ni kunakili, kubandika na kuchagua rangi. Katika ngazi za kufikiri zilizopangwa na mwanasaikolojia wa elimu Mmarekani Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956, zikarekebishwa mwaka 2001 na kubuni kuwekwa juu kabisa, kazi hiyo haivuki sana ngazi ya kwanza, yaani kukumbuka, hata ikiwa imefanywa kwa kompyuta mpya.

Badilisha swali kabla ya kubadilisha vifaa. Waulize wanafunzi wako hivi: je, maji ya mvua yanayoanguka kwenye paa la darasa letu yanaweza kututosheleza kwa kunywa mwaka mzima? Swali hili halina jibu la kunakili, kwa kuwa paa ni lenu na idadi ya wanafunzi ni yenu.

Tuseme paa linafunika eneo la mita 20 kwa 8, yaani mita za mraba 160. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 10 huleta lita 1,600. Dodoma hupata takriban milimita 570 kwa mwaka. Mwanafunzi akiandika kanuni hiyo kwenye programu ya majedwali kama Excel, atapata zaidi ya lita 91,000 na atafurahi. Hapo ndipo kazi yako inapoanza. Mwulize kama maji yote yanafika kwenye tangi, naye atakumbuka yanayomwagika pembeni ya mfereji na yanayokauka juu ya bati, apunguze hesabu yake, pengine kwa asilimia 20, na aeleze kwa nini amechagua kiwango hicho. Kisha mwambie apange mvua mwezi kwa mwezi. Ataona kwamba karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili, kwamba tangi la lita 5,000 hujaa kwa mvua ya milimita 40 hivi na inayofuata kumwagika ardhini, na kwamba wanafunzi 300 wakinywa lita mbili kila mmoja, tangi hilo litakauka kwa siku nane. Wanafunzi walioanza wakiamini kwamba mvua ni haba watagundua wenyewe kwamba kinachowabana kwanza ni mahali pa kuhifadhi maji.

Kufikia hapo wamechambua na wametathmini. Ubunifu unakuja unapowataka wapendekeze la kufanya kwa fedha kidogo, na kila kikundi kitetee pendekezo lake mbele ya wenzao huku namba zikibadilishwa papo hapo kwenye jedwali: itakuwaje mvua ikipungua kwa theluthi moja? Kompyuta inafaa hapa kwa sababu huwezesha kujaribu mawazo mengi kwa dakika chache, jambo ambalo kwa kalamu lingechukua vipindi viwili. Kuhusu mtihani, ninaamini kabisa kwamba mwanafunzi aliyepitia kazi hii hatababaishwa na swali la ujazo, asilimia au tabianchi. Slaidi zako zibaki, lakini ziwe za kueleza uamuzi wa kikundi.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Ninafundisha Gredi ya 5 huko Kilifi na tunatumia Scratch, programu ambayo watoto hupanga vipande vya amri ili kuendesha vikaragosi kwenye skrini. Katika kila kikundi mtoto mmoja hushika kipanya na wengine hutazama tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Punguza kikundi kiwe cha watoto wawili au watatu, na yule anayeshika kipanya asiruhusiwe kuamua: afanye anachoelekezwa na mwenzake, kisha wabadilishane kila baada ya dakika kumi. Mtoto anayelazimika kueleza hatua kwa maneno hupanga mawazo yake, na kwa kuwa Scratch inapatikana pia kwa Kiswahili, hakuna haja ya Kiingereza kumziba mdomo.

Usitoe alama kwa kazi ya kikundi peke yake. Mwite kila mmoja abadilishe jambo moja katika programu yao. Kwa mfano, paka, yaani kikaragosi cha Scratch, aliyekuwa akichora mraba kwa kugeuka digrii 90 sasa achore pembetatu yenye pande sawa. Wengi watajaribu digrii 60, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa kuhusu pembe za ndani, na umbo halitafunga. Usimkimbilie mtoto kumsahihisha. Mwambie asimame, atembee mwenyewe sakafuni kwa kuifuata pembetatu, na apime mwili wake umegeuka kiasi gani kwenye kona, mpaka aifikie 120 mwenyewe.