Kufundisha mgawanyiko wa Dola ya Kirumi: anza na ngano

Walimu wenzangu wa historia, mwaka 395 humeza somo zima tukiuruhusu. Mwanafunzi anaandika kwamba Kaisari Theodosius alifariki, Arcadius akapewa mashariki na Honorius magharibi, basi. Ni kweli, ila hajaeleza chochote. Tangu mwaka 286, Diocletian alipomfanya Maximian kaisari mwenzake, Warumi walikuwa wamezoea kutawaliwa na zaidi ya mtu mmoja. Mbona safari hii pande hizo hazikurudi tena chini ya kaisari mmoja?

Mimi naanza na ngano. Nachora Mediterania ubaoni, wanafunzi wanachora njia za meli: Misri hadi Konstantinopoli, Karthago (Tunisia ya leo) hadi Roma. Kila mji mkubwa unalishwa na bandari zake. Kisha nauliza nani anawalipa askari, na hapo darasa linaamka.

Ligawe darasa sehemu mbili, kila upande uwe na mweka hazina na karatasi za kodi za majimbo yake. Mashariki wape Misri, Syria na Asia Ndogo. Magharibi wape Gallia (eneo la Ufaransa ya leo), Hispania, Italia na Afrika ya Kaskazini, pamoja na mpaka mrefu wa mto Rhine wa kulinda. Sasa soma matukio. Mwaka 406 makundi ya wavamizi yanavuka Rhine: chukua sehemu ya Gallia. Mwaka 410 Alaric na Wagothi wanaiteka Roma. Mwaka 439 Geiseric na Wavandali wanaitwaa Karthago: chukua karatasi ya Afrika. Tulia hapa, usikimbilie 476, mwaka kaisari wa mwisho wa magharibi alipoondolewa. Waache wahesabu wenyewe askari wangapi hawatalipwa, na bila askari jimbo gani litafuata.

Lazima atatokea anayeuliza kwa nini mashariki hawakusaidia. Walisaidia. Mwaka 468 Kaisari Leo alituma kundi kubwa la meli kuikomboa Afrika, na Wavandali wakaziteketeza nyingi kwa moto. Tukio hili vitabu vingi vya shule hulipita, nami naliona muhimu kuliko 476, maana linaonyesha kwamba pande mbili zilijaribu kubaki pamoja zikashindwa.

Kwenye mtihani acha "taja sababu tano". Uliza: kama meli za 468 zingeshinda, magharibi wangepata nini? Anayeunganisha ngano, kodi na askari mpe alama zake, hata akikosea mwaka.