Pakua ukiwa mjini: kwa walimu wapya mliopangiwa Moshi

Kila ajira mpya zikitoka, ofisi ya walimu inapata wageni wawili watatu wenye simu janja nzuri na kompyuta mpakato, na haipiti wiki kabla hawajauliza: programu gani ya bure inafaa kufundishia? Mimi huwa nawarudishia swali: hiyo unayoifikiria itafunguka siku ambayo mtandao haupo?

Siyo kwamba huku Kibosho, Uru au Old Moshi hatuna mtandao. Upo. Ila masika yakishika umeme unaondoka asubuhi na kurudi unapojisikia, na bando unalotumia ni la mfukoni mwako. Kwa hiyo kitu chochote utakachokionyesha kipindi cha kwanza kiwe kimeshalala ndani ya mashine yako tangu jana. Vifaa vingi vizuri vya bure vinakubali kupakuliwa. Visivyokubali, mimi naviacha hata kama vinasifiwa namna gani.

Anza na kitu ambacho wala si programu. Nenda tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Wengi wetu tunaijua siku ya matokeo tu: tunaangalia shule imepata nini, tunafunga. Humo humo kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kwa masomo na kwa miaka, PDF tupu, bila malipo. Taarifa inakwenda swali kwa swali: asilimia ngapi walifanya vizuri, wangapi wastani, wangapi vibaya, na walikwama wapi. Kinachonivutia zaidi ni vielelezo, yaani kipande cha karatasi ya mtahiniwa kwa mwandiko wake mwenyewe, jibu zuri na jibu bovu, na chini yake maelezo ya kwa nini lilikosa alama.

Chukua lile jibu bovu, lichape, ukunje sehemu yenye maelezo, utoe kopi. Wape wanafunzi wawili wawili kalamu nyekundu wasahihishe. Mtoto ambaye hawezi kunyoosha kidole kusema "Sir, sijaelewa" atatafuta kosa la mtu asiyemjua kwa bidii ya ajabu, na mara nyingi kosa hilo hilo liko kwenye daftari lake. Kipindi kinachofuata ndipo unafundisha mada. Hapo umetumia kurasa mbili za kopi na hujahitaji hata projekta.

Kwa walimu wa Fizikia, Kemia na Hisabati, tafuteni PhET. Ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, yule aliyepata Nobel ya Fizikia mwaka mmoja kabla. Ni majaribio ya kuigiza kwenye skrini: saketi, mawimbi, tindikali na besi, sehemu na milinganyo. Mengi unayapakua kama faili moja linalofunguka kwenye kivinjari cha kawaida bila intaneti.

Nieleze moja nilivyozoea kulitumia. La saketi, linaitwa Circuit Construction Kit: DC. Unganisha betri na balbu moja, iwake. Halafu usiguse kitu. Waulize: nikiongeza balbu ya pili kwa mfululizo, hii ya kwanza itafifia au itabaki ilivyo? Kila mtu aandike jibu kwenye daftari kwanza, kwa wino. Wabishane, waache wabishane hata kwa Kiswahili, mkuu wa shule akipita dirishani utamweleza. Ndipo ongeza balbu. Zote mbili zinafifia, na vile vidoti vya elektroni vinapunguza mwendo mbele ya macho yao. Sasa ziweke sambamba. Mwisho waonyeshe shoti: waya kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, betri inawaka moto kwenye skrini na darasa linalipuka kwa kelele. Ukibofya haraka haraka bila kuwauliza kwanza, umewaonyesha katuni. Na tafadhali, betri za tochi na balbu ndogo bado zinauzwa madukani. Jaribio la mkono lisife kwa sababu kuna la skrini.

Mwalimu wa Jiografia, wewe una bahati kuliko wote, maana nusu ya zana zako iko dirishani. Google Earth Pro ya kompyuta ilikuwa ikiuzwa, ikafanywa bure 2015. Ina kitufe cha picha za miaka iliyopita. Nenda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, rudisha miaka nyuma, linganisha barafu. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na hilo wanafunzi wamelisikia kwa babu zao kabla ya kulisikia kwako. Hifadhi picha za miaka tofauti ukiwa mjini, ziweke kwenye folda kwa mpangilio, shuleni unafungua picha tu. Fanya hivyo hivyo kwa Msitu wa Rau au kwa mji wenyewe wa Moshi ulivyotanuka.

Kama shule yenu ina chumba cha kompyuta, hata za zamani, na kuna mtu wa kukaa nazo, zungumzeni kuhusu Kolibri ya Learning Equality. Kompyuta moja inabeba masomo yote, nyingine zinaunganishwa nayo kwa waifai ya ndani bila intaneti. Humo unakuta video na mazoezi ya Khan Academy, yale majaribio ya PhET na mengineyo, na menyu yake ina Kiswahili. Kazi kubwa ni mara ya kwanza, maana mafaili ni mazito. Mkishapata diski yenye masomo tayari, mnanakili tu. Kiwix ni ndogo yake: inakuwezesha kubeba Wikipedia kwenye simu na kuisoma bila bando. Ya Kiswahili ni nyepesi kuliko ya Kiingereza kwa mbali sana.

Vitabu vya kiada viko Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kusoma ni bure. Nasisitiza hapo kwa sababu ya magrupu ya WhatsApp. Utaongezwa kwenye grupu, utamwagiwa notsi, maazimio ya kazi na maandalio ya somo ya kila mada, na utaona kazi imekwisha. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa madarasa machache na unaendelea kupanda. Notsi nyingi zinazozunguka ni za mtaala wa zamani zilizobadilishwa jalada. Fungua muhtasari wa somo lako, weka pembeni, linganisha kabla ya kunakili. Mthibiti ubora akija, yeye analo la kulinganisha.

Wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo yale mashindano ya maswali yanayotaka kila mtoto awe na kifaa, sahau. Plickers ndiyo inayotufaa: unachapa kadi zenye alama, mtoto anaizungusha ili herufi ya jibu lake iwe juu, wewe unapitisha kamera ya simu yako na kuona nani kajibu nini. Inahitaji mtandao kidogo, ndiyo dosari yake.

Wa shule za msingi mna African Storybook kwa hadithi za Kiswahili za kupakua na kuchapa, na vipindi vya Ubongo kutoka Dar es Salaam. Watoto wanavijua kuliko ninyi.

Akili mnemba? Itumie kukutungia maswali ya nyongeza, kisha uyapitie moja moja kwa jicho la mtahini, maana inaandika uongo kwa Kiingereza safi kabisa. Majina ya wanafunzi na alama zao usiyapeleke huko, wala kwenye tovuti yoyote ya kigeni inayokuahidi kupanga ripoti bure.

Na flashi. Ukitoka kuprinti steshenari, usiichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta ya shule. Ichunguze kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, la sivyo mafaili yote yatageuka njia za mkato na mwalimu wa taaluma atakutafuta na mitihani yake ya muhula. Tenga moja ya kuchapishia, nyingine iwe ya masomo tu, na nakala ya folda ibaki kwenye kompyuta ya taaluma, kwa majina ya mada, ili mwenzako akikushikia kipindi aikute.