Glavu peke yake hazitoshi

Mdogo wangu, umeuliza kama glavu zinatosha kwa mradi wako wa kuotesha bakteria kutoka maji ya kisima. Hazitoshi, na wakati mwingine ndizo zinazoponza. Mtu akishazivaa anajiona salama, kisha kwa glavu hizo hizo anashika simu, kitasa cha mlango, hata miwani yake. Nami nilikuwa hivyo mwaka wa pili, mpaka fundi wa maabara akaninyang'anya simu na kuipangusa kwa spiriti mbele ya wenzangu. Niliona haya, lakini nilikoma.

Kinachonitia hofu zaidi kwako ni spiriti na moto. Spiriti ya asilimia 70 huua vijidudu vizuri kuliko ile kali tupu, kwa sababu maji yaliyomo huisaidia kupenya. Lakini inawaka, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Pangusa meza, subiri ikauke kabisa, ndipo uwashe kichomeo. Nywele ndefu au mtandio, funga nyuma.

Sahani za kuoteshea bakteria zikishaota usizifunue kuzinusa. Maji ya kisima yanaweza kuwa na vimelea vya kipindupindu au taifodi, na ulichootesha sasa ni mamilioni. Zipitishe kwenye otoklevu, yaani mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto wenye shinikizo, nyuzi 121 za Selsiasi kwa angalau dakika 15, mzigo ukiwa mkubwa ongeza muda, ndipo zitupwe.

Na usiku usifanye kazi peke yako, hata msimamizi akikuachia ufunguo.